Usiku mzima kwenye treni na mama: mchukue kitanda kipi, mabegi yakae wapi, na utalala kweli?

Dada mmoja kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mwezi ujao nasafiri na mama yangu kwa treni ya usiku, inafika asubuhi. Tunataka chumba cha kulala cha vitanda vinne, kwa hiyo tutakuwa na watu wawili tusiowajua. Mama magoti yanamsumbua na usiku lazima aamke kwenda chooni. Mi sijawahi kulala kwenye treni, naogopa wizi na naogopa kukesha. Tuchukue vitanda gani, mabegi tuyaweke wapi, na je kweli watu wanalala humo?"

Nzuri dada yangu, mama mfikishie shikamoo. Mi nimehudumia mabehewa ya kulala miaka mingi, na abiria atakayelala vizuri unamjua mapema sana, ni yule ambaye treni ikitoka tu stesheni yeye keshatandika, keshajua swichi ya taa iko wapi, vitu vyake vya usiku keshaviweka mkono unapofika. Yule anayesema nitapanga baadaye ndio utamkuta saa saba usiku anapekua begi gizani anatafuta chaja, chumba kizima macho.

Tuanze na vitanda maana hapo ndio maamuzi makubwa yapo na yanafanyika siku ya kukata tiketi, ukishapanda umeshachelewa. Mama ni chini, hilo halina mjadala. Ngazi ya kitanda cha juu ni vyuma vyembamba, vingine ni vijikanyagio viwili tu vimechomekwa ukutani, na unashuka gizani treni inayumba, mtu wa magoti usimpeleke huko hata akikwambia anaweza. Wewe sasa: kama kitanda cha chini cha upande wa pili kipo wazi chukua hicho, maana mama akiamka na wewe unaamka, miguu chini, basi, hakuna kupanda wala kushuka. Kikiwa kimeshachukuliwa usichukue kilicho juu ya mama moja kwa moja ingawa wengi ndio wanachofanya wakidhani wapo karibu naye, ukiwa juu yake humuoni kabisa, mpaka uning'inize kichwa. Chukua cha juu upande wa pili. Ukigeuka tu unamuona amelala au amekaa.

Ila ujue kitanda cha chini kina kero yake, kabla ya muda wa kulala ndio kiti cha wote. Wale wa juu watakaa hapo kwenu mpaka usiku uingie, na ni haki yao, kwa hiyo mama akitaka kujinyoosha mapema inabidi muongee na watu kistaarabu. Cha juu kinayumba zaidi na hewa ya moto yote inapanda huko, wakati mwingine tundu la AC linakupulizia usoni, ila hakuna mtu atakayekalia mguu wako na mkono wa mpita njia haufiki. Mimi nikisafiri peke yangu nachukua juu, lakini mimi sina mama mwenye magoti.

Na chumba chenyewe kiwe wapi ndani ya behewa? Magurudumu ya behewa yamekaa kwenye ncha mbili, na milango na vyoo navyo viko kwenye ncha hizohizo, kwa hiyo vyumba vya mwisho ndio vinarushwa zaidi, ndio vinasikia kila mlango unaobamizwa na kila anayepita usiku. Katikati ya behewa ndio kwenye utulivu. Kwenu nyie mi ningetafuta kati na kati, chumba cha pili au cha tatu kutoka chooni, mama asitembee korido nzima na pia msilale mnasikiliza maji yakimwagwa. Ukikata tiketi kwenye programu ya simu mara nyingi kuna ramani ya behewa, iangalie, na kama unakata dirishani muulize mkata tiketi namba zipi ziko karibu na choo, hilo swali wanalijua.

Halafu hakikisha umeelewa unanunua nini, maana "chumba cha kulala" sio kitu kimoja dunia nzima. China daraja wanaloita la kulala gumu lina vitanda sita kila kipande, vitatu kila upande, na halina mlango, ukitaka mlango unapanda daraja la juu yake lenye vitanda vinne. India kwenye mabehewa ya vitanda vitatu kile cha kati kinakunjwa mchana kiwe egemeo la kiti, utaratibu wao ni saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ndio muda wa kukifungua kulala, nje ya hapo watu wakae. Kikishafunguliwa kile cha kati, aliye chini hawezi kukaa wima, anakaa kichwa ameinamisha, kwa hiyo mtu wa umri wa mama vitanda vinne ni afadhali mara mia, mmechagua vizuri. Uliza pia kama vyumba vinachanganya wanaume na wanawake, maana kuna reli zinatenga, kuna zenye chumba cha wanawake tu lakini mpaka uombe, na kuna ambazo hazijali kabisa. Na kama mfuko unaruhusu, au mkipata ndugu wawili wa kuongozana nao, kununua chumba chote kunamaliza nusu ya maswali yako.

Kabla sijasahau, TAREHE. Hapa watu wanalia stesheni kila siku. Tiketi za treni nyingi zinaandika masaa 24, na siku mpya inaanza saa sita usiku. Kwa hiyo tiketi ikisema 00:20 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika ishirini za usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani mnatakiwa mtoke nyumbani tarehe 14 jioni. Ukienda tarehe 15 usiku treni yako iliondoka jana. Kama mnavuka nchi angalia pia ni saa za nchi gani zimeandikwa.

Haya, mabegi. Kwenye mabehewa mengi kitanda cha chini kinanyanyuka kama kifuniko cha sanduku, na chini yake kuna uwazi mkubwa. Hapo ndio pahali salama kuliko pote chumbani kwa sababu hakuna anayeweza kufungua mpaka mwenye kitanda ainuke, yaani mama mwenyewe ndio mlinzi akiwa amelala. Weka begi kubwa humo mapema kabla wenzenu hawajajaza. Kuna behewa ambazo chini ya kitanda ni wazi tu, hapo begi lisukume mpaka ukutani, mkanda wake uupitishe kwenye mguu wa kitanda au tumia kile kikebo chembamba cha kufuli. Sio kwamba hakikatiki, ila mwizi wa treni anataka kitu cha kunyakua kwa sekunde mbili akashuke nacho, kitu chochote kinachomchelewesha anakiacha. Wa juu wana uwazi wao, ule unaoingia juu ya dari ya korido, begi unalinyanyua juu ya kichwa kulipakia, usiuchukue kama uko chini.

Cha muhimu zaidi ni kutenganisha. Begi kubwa lisiwe na kitu chochote utakachokihitaji kabla ya asubuhi. Fanya kimfuko kidogo cha usiku, kila mtu na chake: dawa za mama, chupa ya maji, tochi ndogo, tishu na zile zenye unyevu, mswaki, plagi za masikio, soksi, sweta jepesi, chaja na pawabenki. Kimfuko kinaning'inia kwenye kindoano cha kichwani au kwenye kile kijineti cha ukutani. Halafu pasipoti au kitambulisho, pesa na kadi ni kwenye pochi ya mwilini, chini ya nguo, na hiyo haivuliwi. Simu usiilaze kwenye meza ya dirishani. Kwenye treni zenye madirisha yanayofunguka mkono unaingia kutoka nje wakati treni imesimama, na kwenye zisizofunguka breki moja tu simu iko chini ya kitanda cha jirani. Iweke kati yako na ukuta, upande wa ndani.

Mlango sasa, na hapa naomba unisome vizuri. Vyumba vingi vina vifungio viwili. Kimoja ni kitasa cha kawaida ambacho mhudumu ana funguo yake kwa nje, na funguo zenyewe ni za umbo rahisi tu, za mraba au pembetatu, sio siri kubwa. Cha pili ni komeo au kibano cha ndani ambacho kutoka nje hakifunguki kirahisi, mlango unaachia upenyo mdogo tu wa kuongea. Usiku fungeni vyote viwili. Ila kabla hamjalala mfundishe mama kufungua vyote viwili gizani, mara tatu nne mpaka mkono uzoee, maana nimeshatolewa usingizini na bibi anabamiza mlango kwa ndani, amebanwa na mkojo na komeo haioni. Na akitoka, mlango usibaki wazi, wewe amka ufunge, akirudi agonge mlivyokubaliana. Bora zaidi ni umsindikize tu.

Wizi mwingi wa treni unatokea treni ikiwa imesimama stesheni au ndio inaanza kuondoka, kwa sababu mtu anahitaji pa kushukia. Kwa hiyo usingizi wako wa wasiwasi uutumie hapo, treni ikiwa kwenye mwendo tulia. Na ile habari ya kwamba wanapuliza gesi chini ya mlango chumba kizima kinazimia, ondoa hiyo hofu. Kumlaza mtu kwa gesi bila kumwamsha na bila kumuua ni kazi ngumu hata kwa daktari wa usingizi mwenye mashine zake hospitali, sembuse mtu na kopo kwenye korido. Waliolala wakaibiwa walilala usingizi wao wa kawaida na mlango ulikuwa wazi.

Hao wenzenu wawili, wasalimieni vizuri mwanzoni, muulizane mnashuka wapi. Sio umbea, ukijua mmoja anashuka saa tisa usiku utajua kwa nini kuna mtu anafungua mlango saa tisa, na utajua ufunge tena komeo akishatoka. Mkubaliane taa kubwa inazimwa saa ngapi. Waambieni mapema kwamba mama ataamka mara mbili tatu, watu wakiambiwa mapema wanakuwa wapole ajabu. Ukiona kuna mtu humuelewi, amelewa au ana maneno, usijipe moyo kwamba atalala, nenda kwa mhudumu uombe kubadilishiwa, vitanda vitupu huwa vipo mara nyingi na sisi tunapenda kuombwa saa tatu usiku kuliko kuitwa kwenye ugomvi saa nane.

Swali la kukesha. Kiukweli usiku wa kwanza hutalala kama nyumbani, usijidanganye, utalala vipande vipande na inatosha. Kitanda chembamba, kwenye behewa nyingi kama sentimita 70 hivi, na kwa sababu vitanda vingi vimelala kukata upana wa behewa, treni ikishika breki unabingirika ubavuni. Lala kiubavu magoti umeyakunja, mgongo uegemee ukuta, mwili unajibana wenyewe na hausukumwisukumwi. Kichwa upande gani? Dirishani kuna baridi na mwanga wa stesheni, mlangoni kuna kelele za korido na taa. Mi naweka kichwa dirishani kama hewa haipenyi, nikigusa mpira wa dirisha nikasikia upepo nageuza mto. Nguo ziwe za tabaka, tisheti, sweta, soksi, kwa sababu AC ya treni haina adabu, saa nne mnatoka jasho saa tisa mnatetemeka, na blanketi la bure linaweza likawa jembamba. Kitambaa cha macho na plagi za masikio, hivyo viwili visikosekane, hata ukinunua vya bei ya chini kabisa. Chai na kahawa ziishie mchana, pombe ndio kabisa, inakulaza masaa mawili halafu inakuamsha na kiu na choo.

Kitakachokuamsha kuliko mwendo ni UKIMYA. Treni ikienda mwili unazoea, ikisimama ghafla porini macho yanafunguka. Halafu kuna vishindo ambavyo mgeni anadhani ni ajali. Treni ya usiku mara nyingi ni treni mbili tatu zimeungana njiani zinagawanyika, kwa mfano ile ya London kwenda kaskazini mwa Scotland inakatwa vipande vitatu Edinburgh usiku, kila kipande na mji wake. Zile za Italia kwenda Sicily zinapandishwa mabehewa kwa mabehewa kwenye feri kuvuka mlango wa bahari wa Messina. Mpakani mwa China na Mongolia, pale Erenhot, behewa linanyanyuliwa kwa jeki na magurudumu yote yanabadilishwa maana reli upande mmoja ina upana wa milimita 1,435 na mwingine 1,520, na choo kinakuwa kimefungwa masaa kadhaa. Kwa hiyo ukisikia kishindo, kurudi nyuma, kimya, kishindo tena, ni mabehewa yanapangwa. Asubuhi unaweza ukakuta mnakwenda kinyumenyume na behewa lenu lililokuwa la mwisho sasa ni la mbele. Ndio maana nasema piga picha namba ya behewa na ya kitanda, na ukishuka stesheni kununua kitu usikariri kwamba lenu ni la tatu kutoka kichwa cha treni. Tena kama treni inagawanyika usiende behewa lingine usiku kutembea, unaweza ukaenda mji wenzako hawaendi.

Choo cha mama. Mabehewa ya zamani choo kinamwaga moja kwa moja relini, kwa hiyo mhudumu anakifunga kabla ya stesheni na anakifungua baada ya kutoka, mtu akibanwa wakati huo ndio kesi. Muulize mhudumu stesheni zipi treni inasimama muda mrefu na saa ngapi, mama aende nusu saa kabla. Viatu viwe vya kuingiza mguu tu lakini vyenye kukamata sakafu, kandambili za kuteleza hapana, chooni huwa kuna maji. Avipange chini pua zikitazama nje ili asipapase. Kwenye korido mkono mmoja muda wote uwe umeshika bomba la dirishani, na asisimame katikati ya yale maungio ya behewa na behewa hata kidogo, pale sakafu inacheza. Tishu na sabuni mwende nazo, vya treni vinaisha saa nne. Kabla ya kulala na akiamka azungushe vifundo vya miguu, atembee korido kidogo, kukaa muda mrefu bila kutembea kunavimbisha miguu.

Soketi zipo au hazipo, zikiwepo mara nyingi ni moja kwa watu wanne, ndio maana nikasema pawabenki. Na kile kishikio chekundu cha ukutani ni breki ya dharura, msitundike koti.

Asubuhi tega alamu saa moja kabla ya kufika, ya mtetemo, simu mkononi, ili usiamshe wenzio. Mhudumu naye atawaamsha kama mlimwambia mnashuka wapi, na kama alichukua tiketi au pasipoti zenu usiku, kuna reli wanafanya hivyo ili wasiwaamshe kwenye ukaguzi, hapo ndio anarudisha, hesabu zote mbili kabla hajaondoka mlangoni. Nenda chooni mapema, nusu saa ya mwisho foleni inakuwa korido nzima halafu kinafungwa. Nyanyua mto, pekua shuka, angalia ule upenyo kati ya godoro na ukuta, simu, miwani na meno ya bandia tunayookota ni ya hapo. Kama mna basi au ndege ya kuunganisha acheni masaa mengi ya katikati, treni ya usiku ikichelewa inachelewa kweli.

Kushuka ndio sehemu mbaya kwa magoti, kuliko hata choo. Jukwaa la stesheni nyingine liko chini sana na ngazi za behewa ni za kusimama. Usiku mwambie mhudumu una mzee, awe na kile kistuli cha kukanyagia kama kipo. Mabegi yashuke kwanza, we ushuke, halafu mama ashuke kinyumenyume, uso umetazama ndani ya behewa, mikono miwili kwenye vyuma vya pembeni, mguu unaouma utangulie chini, na wewe umesimama nyuma yake mkono kiunoni. Asiwe na mkoba begani wakati huo. Wanaowahi nyuma yenu watasubiri, treni haiondoki na mtu kwenye ngazi akiwa mhudumu amesimama pale, ndio maana nikasema mwambie tangu usiku.